Kusikitika Kwao ni Shilingi Ngapi?

Niliwaita wanakikundi wote hapa Nangina. Wakaja na jamaa zao, mweka hazina akachukua soda kwa mkopo, nami nikapanda juu ya benchi kuwasomea barua ya mfadhili, nikitafsiri papo hapo. "Tumefurahi sana kupokea ombi lenu." Vigelegele! Sentensi ya pili ilianza na "hata hivyo". Nilipofika kwenye "tunasikitika" nikashuka. Mzee wa shiriri, ambaye kinanda chake cha uzi mmoja ndicho tulichotaka kukirekodi, akauliza kwa upole: "Mwanangu, kusikitika kwao ni shilingi ngapi?"

Ati jedwali la mradi tulilojaza kwenye ombi halikuridhisha. Jedwali lenyewe ni tamu ajabu. Lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani: safu nne, mistari minne, vyumba 16. Chini kabisa unaweka shughuli, juu yake mazao, halafu kusudi, kileleni lengo kuu. Kila ngazi ina kiashiria chake, ushahidi wake, na chumba cha pembeni cha mambo yaliyo nje ya uwezo wako. Husomwa kuanzia chini, kwa kwenda kando na kupanda: shughuli zikifanyika, na mvua isikate barabara, mazao yatapatikana; mazao yakipatikana, na wazee wasife, kusudi litatimia. Nililipanda na kulishuka usiku kucha. Asubuhi nikamweleza mke wangu kwamba ugali ni zao, kushiba ndiko kusudi. Akauliza unga uko chumba gani.

Kiashiria cha furaha ya mzee nikaandika "meno yanayoonekana". Ungeipimaje vinginevyo?

Mwaka 2025 USAID yenyewe ikafungwa. Jedwali likabaki, linatuhukumu. Tena wafadhili wanadai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Pesa ya kumlipa mkaguzi tuitoe wapi, na ya kukaguliwa ndiyo tunayoiomba? Wanaopewa ni waliosomea kujaza vyumba, wakaja kutuandika sisi kwa siku mbili, wakarudi Nairobi. Wazee wetu wanazikwa na nyimbo zao.

Mfadhili mwingine alituhoji kwa video, stima ikapotea Funyula nzima.

Mwingine alitaka barua yenye muhuri wa chifu; chifu alikuwa matangani.

Lakini mpiga kinubi wetu wa Malaba, yule wa adeudeu, amesharekodiwa. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani alitoa simu, akampa mia mbili taslimu, wala hakuuliza kiashiria.