Heshima kwa Moshi wa Uani

Nyama imesifiwa vya kutosha. Ndafu huingizwa ukumbini kwa vigelegele kwenye harusi za Wachaga, na kuku wa kienyeji hatajwi bila mtu kumeza mate. Ndimu, pilipili na chumvi ya mawe nazo zimepata haki yao. Yupo mmoja anayefanya kazi kuliko wote hao uani kwangu, masika na kiangazi, na hajapewa hata ahsante. Hufungiwa madirisha, hupungiwa khanga aende zake, nguo huanuliwa kwa hasira kwa ajili yake. Nazungumzia moshi.

Mimi si mtu wa baa wala banda la nyama. Ni mfanyakazi wa ofisini mwenye pipa: pipa la mafuta lililopasuliwa katikati na fundi wa kuchomelea, likawekewa miguu ya chuma na wavu wa nondo. Huko Marekani, mwaka 1952, George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya vyuma ya Weber Brothers mjini Chicago, alikata boya la chuma vipande viwili akajipatia jiko la duara lenye mfuniko. Upepo ulikuwa umemchosha. Mfuniko ule ulimtajirisha, nami simwonei wivu, lakini pipa langu halina mfuniko na sitaki liwe nao. Mfuniko ni ubahili. Huubana moshi ubaki na nyama, jirani asipate kitu.

Hapa Dar es Salaam moshi hugawiwa na pepo za msimu, na sijaona urithi uliogawiwa kwa haki kiasi hicho. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi hivi, kila kinachotoka kwenye pipa huvuka ukuta wa kusini na kutua kwa mwalimu mstaafu mwenye shinikizo la damu, aliyekatazwa nyama nyekundu. Kusi ikishika, Mei mpaka Septemba, zamu huhamia kaskazini, kwa bibi anayeuza vitumbua, ambaye kwa miezi hiyo vitumbua vyake hupata kionjo ambacho wateja wameshindwa kukitaja jina. Pepo hizihizi ndizo zilizoleta majahazi ya Maskati na Kachi kwa karne nyingi, zikayarudisha kwao na pembe na boriti za mikoko. Leo zinabeba harufu ya mbavu za mbuzi umbali wa nyumba tatu. Kazi imepungua, hadhi iko palepale.

Moshi pia hauna siri. Mtu anaweza kula pilau mlango umefungwa na redio imefunguliwa kwa sauti. Chipsi mayai huingia nyumbani chini ya koti. Nyama ya kuchoma haina maficho: ukiwasha tu, mtaa umejua, na mtaa ukishajua inabidi ukaribishe. Aliyekudai elfu hamsini, ukamwambia mwezi huu mambo magumu, atatokea getini saa kumi na moja jioni bila kupigiwa simu. Wengine huja na visingizio. Mmoja anataka kuazima spana. Mwingine anauliza kama na kwenu maji yamekatika. Mwalimu haombi chochote. Husimama tu upande wake wa ukuta mpaka nimwone.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Naona mnachoma."

"Karibu, mzee wangu. Ipo karibu kuiva."

"Aa, mimi nilikatazwa," anasema, huku anatafuta kandambili zake.

Wengi huulaumu mkaa bure. Mti ulikwisha kuutoa moshi wake huko porini, Kilwa au Kisarawe, ndani ya tanuri lililofunikwa majani na udongo, ambamo magogo huungua kwa siku kadhaa kwa hewa ya kubania. Kinachotufikia kwenye gunia ni kaboni karibu tupu, na mkaa mzuri ukishashika na kuvaa majivu hutoa joto bila moshi wa kuonekana. Unaosumbua mtaa ni wa mbuzi mwenyewe. Ukitaka kuuona ukizaliwa, chuchumaa usawa wa wavu uangalie ubavu mmoja. Mafuta huanza kwa kung'aa tu. Kisha hujikusanya kwenye ncha ya mfupa, yananing'inia, yanarefuka, halafu tone linaachia. Chwaa! Kaa linakuwa jeusi pale lilipodondokewa, na kutoka hapo unapanda uzi wa buluu unaotanuka na kuilamba nyama ileile ulikotoka. Ile ladha tunayoisafiria usiku na kuipangia foleni inaingia kwa njia hiyo. Wataalamu wanasema katika uzi huohuo mna kemikali za jamii ya hidrokaboni ambazo baadhi yake huleta saratani, na wanashauri mafuta yapunguzwe na nyama isiachwe juu ya mwali. Nimewaelewa sana. Ndiyo maana mimi husimama upande upepo unakotoka.

Sisifu kila moshi, lakini. Wapo wanaowashia mkaa kwa mafuta ya taa, wakaweka nyama kabla harufu haijaisha, mgeni akala mishikaki yenye ladha ya kibatari. Wapo wanaowashia plastiki. Hao wanauvunjia moshi heshima, na vifuu vya nazi vimejaa mtaani, vinashika kwa karatasi moja tu.

Watu wa mwambao wanajua thamani ya moshi, ila wamechagua kubagua. Udi ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki uliougua, ukashambuliwa na ukungu hadi ukatoa utomvu wenye harufu, na ulio mzuri hupimwa kwa gramu. Huwekwa juu ya kaa la moto kwenye chetezo, mwenye nyumba akafukiza khanga, nywele na mito mpaka vikolee. Sasa tufanye hesabu. Kaa ni lilelile, la gunia lilelile. Moshi unaingia kwenye nguo kwa njia ileile na hautoki mpaka uonane na sabuni. Kwa udi watu hulipa. Mimi shati langu la kazini, lililokuwa kwenye kamba, lilifukizwa mafuta ya mbuzi bila kudaiwa senti, na Jumatatu asubuhi, kwenye daladala ambalo watu husimama kwa mguu mmoja, nikapata nafasi pande zote mbili.

Masika ndiyo humtambulisha mchomaji. Wa sikukuu hupotea mawingu yakishatanda, mapipa yao yakageuka ya kukingia maji. Mimi langu hulisogeza chini ya upenu, nikaegemeza bati upande unaopiga mvua. Mkaa uliovuta unyevu hushika kwa uvivu na kurusha cheche, na moshi wake ni mzito, unatambaa chinichini hadi chini ya mlango wa sebule. Niliwahi kushauriwa niingize jiko ndani kabisa nifunge milango. Hapo mzaha unakoma: mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala na jiko wasiamke. Muuaji ni huyo asiyeonekana. Moshi wangu una adabu ya kupiga hodi. Humkohoza mtu, humtoa machozi, humtoa nje akiwa hai na matusi mdomoni.

Serikali nayo haiupendi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kabla yake, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwisha kuagizwa ziachane na kuni na mkaa. Nimejipima kwa kanuni hiyo. Kwa walaji nipo salama: sisi wa nyumbani, mdai wangu, na mwalimu asiyekula nyama. Lakini wakihesabiwa walionusa, mimi ni taasisi.

Na mkakati una haki yake. Niliseme hili upesi nirudi kwenye sifa. Moshi wa uani una ndugu anayeishi ndani, kwenye jiko lisilo na dirisha, ambako maharage huchemka kila siku ya Mungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaoishi nao kwa ukaribu zaidi ni wanawake na watoto. Huyo sina neno jema la kumpa.

Bahati ya huyu wa uani ni kwamba amempata mwanamume, tena nje, tena kwa hiari, na wawili hao hupeana cheo. Mke wangu husonga ugali, hukatakata kachumbari, huponda pilipili, kisha huosha sinia na kuusugua wavu. Hakuna mgeni aliyewahi kumpa pole. Mimi nageuza nyama mara mbili, moshi ukinipiga usoni, macho mekundu, jasho linachuruzika hadi kidevuni, na kila anayeingia anasema, "Leo baba ameumia kwa ajili yetu." Nami huinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Bila moshi ningeonekana nilivyo: mtu aliyesimama ameshika koleo.

Mgao wa pepo, hata hivyo, una mwanya. Kati ya kaskazi na kusi, kama mwezi Aprili, na tena kama Novemba, huingia maleleji, upepo ukawa hauna mwenyewe. Moshi hupanda kidogo, huzubaa, huzunguka mwembe, kisha huingia dirisha la chumbani kwetu na kutulia ndani ya chandarua. Usiku wa maleleji yaliyopita mke wangu aliinusa shuka, akainusa tena, akakaa kitandani.

"Baba watoto, hivi umechoma mbuzi au umechoma nyumba?"

Nikamweleza habari za pepo, za majahazi, na za ujirani mwema. Kwamba mwalimu amekwisha kupata mgao wake, bibi wa vitumbua anasubiri wake, na kwa wiki hizi chache ni zamu yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Zamu ya moshi nimeielewa," akasema. "Na zamu ya kufua mapazia ni ya nani?"

Kwa hiyo kila maleleji yakipita, nafua mapazia. Maji ya kwanza hutoka meusi, ya pili yana rangi ya chai, na ya tatu, ukiinamisha pua karibu na beseni, bado ni mbavu.