Muulize Dereva wa Gari la Maji Taka

Sisi wanunuzi wa nyumba wa Dar es Salaam tuna ugonjwa mmoja: tunatazama juu. Mlango ukifunguliwa tu, shingo zinapinda kuelekea kwenye jipsamu, tunahesabu taa za darini, tunasifia feni. Mama ataingia jikoni avutevute milango ya makabati. Baba atagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, asikilize, kisha atikise kichwa kwa ufundi ambao hana. Hati itasomwa, wakili atalipwa, mjumbe atapewa chake cha soda. Halafu familia nzima itahamia, na vitanda vyake na friji lake, kwenye kiwanja chenye shimo ambalo hakuna aliyeuliza hata lina ukubwa gani.

Mimi huuliza. Ndiyo maana madalali hawanipendi, na ndugu zangu hunichukua shingo upande wanapokwenda kutazama nyumba. Wanajua nitawaaibisha, lakini wanajua pia kwamba aibu ya mbele ya dalali ni ndogo kuliko ile ya maji kurudi juu bafuni siku ya kumbariki mtoto, wageni wamejaa, shehe yumo.

Basi shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alipata nyumba Tabata, upande unaoteremkia bonde la Msimbazi. Vyumba vitatu, kimoja masta, hati ipo, ua umepigwa pevingi mpaka getini, na mbele kuna fremu mbili zenye wapangaji. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi. Dalali alituharakisha kwa sababu kuna mtu kutoka Mwanza yuko njiani na fedha taslimu. Huyo mtu wa Mwanza nimemsikia katika kila nyumba niliyowahi kwenda kuitazama. Nadhani ndiye tajiri kuliko wote nchini, na mpaka leo hana pa kulala.

"Shimo liko wapi?" nikauliza.

Dalali akacheka. "Mzee wangu, nyumba kubwa namna hii itakosaje shimo?"

"Sijauliza kama lipo. Nimeuliza liko wapi."

Mwenye nyumba, mstaafu mwenye heshima zake, akanyoosha kidevu kuelekea uani. Dalali, sekunde hiyohiyo, akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Wakatazamana. Mdogo wangu akanikanyaga mguu kunikumbusha kwamba tumekuja kununua nyumba, hatukuja kufanya upelelezi.

Lakini huo ndio upelelezi wenyewe. Wakazi wengi wa jiji hili hawajaunganishwa na mtandao wa maji taka. Kila kinachoshuka chooni kinabaki nyumbani, mita chache kutoka mahali kilipoanzia safari. Nyumba ikiwa na ufa ukutani utauona. Bati likivuja utaona doa darini. Shimo halionyeshi dalili mpaka limeamua, na likiamua haliangalii kama una wageni.

Njia ya kulitafuta ni rahisi: unaanzia chooni unafuata bomba. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo ukijua ardhi inateremkia wapi umeshapunguza nusu ya kazi. Nyuma ya bafu tukakuta chemba ya kwanza, juu yake kumewekwa jiko la mkaa na sufuria ya maharage yanayochemka. Kwenye kona tukakuta ya pili, chini ya mtungi wa maua. Kutoka hapo mstari ulinyooka kuelekea mbele ya nyumba, ukapita chini ya pevingi, na kwa hesabu zangu ukaingia moja kwa moja ndani ya fremu ya saluni ya kike.

Tukapiga hodi. Kulikuwa na mteja mmoja chini ya draya, macho kafumba, na dada mwenye saluni akimsuka mwingine.

"Samahani dada, tunatafuta mfuniko wa shimo."

Hakushangaa hata kidogo. "Upo hapo, chini ya draya," akasema bila kuacha kusuka. "Vuta zulia. Mama Salma, nyanyua miguu kidogo."

Mama Salma akanyanyua miguu, macho yakiwa bado yamefumba. Zulia likavutwa, na pale katikati ya sakafu ya taili nyeupe palikuwa na mfuniko wa zege wenye vishikio viwili vya nondo. Vishikio vile vilikuwa vinang'aa. Nikamwonyesha shemeji. Chuma kinachoshikwa mara kwa mara hakipati kutu.

Huu si utundu wa mtu mmoja. Nusu ya fremu za mjini zimeota namna hii. Mtu anajenga nyumba, anaacha nafasi mbele kwa ajili ya shimo, halafu mtaa unachangamka, anaona pale mbele pangeingiza kodi. Ardhi iliyo juu ya shimo ni tambarare, ina zege tayari, haidai msingi. Kesho yake kuna duka la vipuri vya pikipiki.

Mwenye nyumba akaona atutulize. "Msiwe na wasiwasi," akasema, na sauti yake ikajaa fahari. "Shimo hili tangu tuhamie mwaka 2008 halijawahi kunyonywa."

Shemeji akafurahi. Mimi ndipo nilipoanza kuogopa.

Shimo la maji taka si la maajabu, lakini lina utaratibu wake. Kinachoingia hutulia: kizito kinazama na kuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu na kufanya utando, na maji yaliyo katikati hutoka kupitia bomba lenye umbo la herufi T kwenda shimo la pili, ambalo huyapeleka ardhini. Humo ndani kuna bakteria wasiohitaji hewa, wanakula tope usiku na mchana bila kudai mshahara. Mfaransa aitwaye Jean-Louis Mouras alijenga shimo la namna hii huko Vesoul takriban mwaka 1860, na alipolifungua baada ya miaka kadhaa alishangaa kukuta uchafu mgumu ni kidogo mno. Mwaka 1881 akalipatia hataza. Habari hiyo njema ilienea duniani, ila ilipofika mitaani kwetu ilikuwa imekatwa mkia. Tope hupungua, haliishi. Mafundi wanaojua kazi watakwambia ukiona tope na utando kwa pamoja vimefika theluthi moja ya kina, ita gari. Kwa familia ya kawaida na shimo la kutosha, hiyo ni kila miaka mitatu hadi mitano.

Kwa hiyo mtu akikuambia shimo lake halijajaa kwa muda wote huo, mambo ni mawili. Huenda halina sakafu, maji yote yanazama ardhini na choo chake kinachangia kwenye kisima cha jirani. Au anakudanganya.

(Wapo pia watakaokuambia siri ni dawa. Kuna wanaomwaga hamira, kuna wanaomwaga chumvi ya mawe, na mzee mmoja wa Ilala aliwahi kuniapia kwamba hakuna kama mafuta ya taa. Bakteria hao hawahitaji mwaliko, kila mwanafamilia huwaleta wapya kila asubuhi. Wanachohitaji ni kuachwa. Unayemwaga jiki ndoo nzima kwa ajili ya weupe wa sinki unawaua wafanyakazi wako mwenyewe, halafu unalalamika kazi imesimama.)

Nikapendekeza tuite gari la maji taka, kwa gharama yetu, wafungue, wapime, tuone. Mwenye nyumba akasema haina haja. Dalali akakumbusha habari za mtu wa Mwanza. Mdogo wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa upande wao, alikuwa ameshaviona vile vishikio vinavyong'aa. Akasema, "Liitwe."

Vingunguti yenye mabwawa ya kusafishia maji taka haiko mbali na pale, kwa hiyo magari hayakosekani njiani. Tukampigia dereva mmoja kwa namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye nguzo ya umeme. Nikasimama barabarani tayari kumwelekeza. Nilichoka bure. Dereva alikata kona bila kuuliza, akarudi nyuma kwa ustadi katikati ya bajaji mbili na meza ya mama ntilie, akasimama kwenye mlango wa saluni kabisa. Utingo akaruka, akagonga kioo mara mbili. Dada wa saluni akavuta zulia.

Dereva akashuka, akampa mwenye nyumba mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee. Leo mapema! Si tulikubaliana mwisho wa mwezi?"

Nimehudhuria vikao vingi vya ukoo, na sijapata kusikia ukimya wa aina ile. Hata draya ilionekana kupunguza sauti.

"Marahaba," akasema mzee, kwa taabu. Kisha akatugeukia. "Mimi nilimaanisha lile shimo la zamani."

Utingo akapitisha mtaimbo kwenye vishikio, mfuniko ukainuka. Dalali akasogea kuchungulia, sigara mdomoni. Hapo niliacha utani, nikamvuta shati. Gesi inayotoka mle inaweza kushika moto, na nyingine, ile yenye harufu ya mayai viza, ikizidi inaua pua kwanza ili usiisikie inapokuua wewe. Watu hufa kwenye mashimo haya, na mara nyingi hufa wawili au watatu, kwa kuwa wa pili huingia kumwokoa wa kwanza. Hakuna mtu wa kuingiza kichwa, wala kuinama kuokota simu. Simu ikidondoka mle, nunua nyingine.

Utingo alifanya kazi akiwa amesimama mbali, ana mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Akauchovya mpaka chini, akausimamisha kidogo, akautoa taratibu. Weusi wa tope ulishika kitambaa chini kabisa, kiasi cha shibiri moja. Shemeji akapumua: tope kidogo! Dereva akatikisa kichwa, akatuonyesha kitu kingine kwa tochi ya simu. Shimo zima, lenye afya, huwa limejaa maji mpaka kwenye mdomo wa bomba la kutokea. Hiyo ndiyo hali yake ya kila siku, wala si ishara ya kujaa. Maji yakiwa chini sana ya hapo, linavuja. Hapa yalikuwa yamelipita bomba kabisa, halionekani. Maana yake shimo la pili lilikuwa limegoma kupokea.

"Ardhi yenyewe ya huku bondeni inashiba mapema," dereva akaeleza. "Kiangazi tunakuja kila baada ya miezi miwili. Masika mzee ananipigia hata Jumapili." Akatafakari, akaongeza kwa nia njema kabisa: "Lakini mzee huyu ni muungwana. Wengine wa mtaa huu hawatuiti kabisa mvua zikianza."

Hakufafanua, na hakukuwa na haja. Kila anayeishi bondeni anawajua. Mvua kubwa ya Aprili ikianza usiku, utaona tochi mbili tatu zinazunguka nyuma ya nyumba. Asubuhi kila mmoja atakwambia alitoka kutazama mfereji wa bati. Kumbe wametapisha, yaani wamefungua shimo likaenda na mafuriko, na baada ya hapo mtaa mzima unashangaa kipindupindu kimetoka wapi. Ni kosa kisheria, na bwana afya akikukamata utalipa faini. Tatizo ni kwamba bwana afya naye, saa nane za usiku, mvua ikinyesha, amelala.

Kwa nusu saa ile dereva alitueleza mengi kuhusu nyumba hiyo kuliko dalali, hati na mwenye nyumba kwa pamoja. Shimo lina vyumba viwili na ukuta wa katikati uko salama. Bomba la kutoka masta limewahi kuziba kwa pampasi. Shimo la pili liko nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara, chini ya kijiwe cha bodaboda, na siku barabara ikipanuliwa litaondoka nayo. Hakutudai hata senti kwa maelezo hayo. Alidai ya tripu tu.

Shemeji akashusha bei. Mwenye nyumba akapinga, dalali akamtaja mtu wa Mwanza, mdogo wangu akasema mtu wa Mwanza naye aletwe achungulie. Bei ikashuka, kwa kiasi cha kutosha kuchimba shimo jipya la pili ndani ya kiwanja, kwa kung'oa pevingi za pale palipokuwa panaegeshwa gari. Gari litalala nje. Choo hakiwezi.

Kwa wakili mambo yalikwama kwenye kipengele kimoja tu: mfuniko. Fremu ina mpangaji, mpangaji ana mkataba, na mfuniko uko katikati ya kazi yake. Dada wa saluni akaitwa kama mdau. Alikuja na daftari lake la miadi.

"Jumatatu na Jumanne mje saa yoyote," akasema. "Ijumaa na Jumamosi nina maharusi, sitaki kuona mtaimbo."

"Na ikiwa dharura?" shemeji akauliza.

"Ikiwa dharura Jumamosi, nywele zitakazoharibika mnalipa nyinyi."

Wakili aliandika neno kwa neno. Kisha akavua miwani, akauliza kama malipo hayo ni kwa kila kichwa au kwa saa.