Kitufe na Hotuba ya Mjomba

Laptopu yetu ilikuwa na vitufe viwili vya kuiwashia. Kile kikubwa kiliamsha Windows, kazi iliyokupa muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Kile kidogo, kilichokaa pembeni yake kikiwa na alama ya noti ya muziki, hakikuwa na habari na Windows. Ukikibonyeza kompyuta ikiwa imezimwa, baada ya sekunde chache kinatokea kioo cheusi chenye menyu fupi: DVD, muziki, picha. Basi. Katika miaka ile ya 2005 mpaka 2009 hivi watengenezaji walishindana kwa mambo hayo. Dell walikuwa na MediaDirect, HP na QuickPlay, ASUS nao wakaja na Express Gate. Ya kwetu ilitoka kwenye ukoo huohuo, ila jina lake nalihifadhi, kwa kuwa kompyuta haikuwa na kosa.

Naweza kusema mume wangu alinunua kitufe, laptopu ikaja nacho tu. Ilikuwa mtumba, betri imechoka. Ukiingia kwa Windows, chaji ilikwisha hata hujatulia, maana kuna antivairasi inakagua, kuna programu inatafuta masasisho, kuna vingine visivyojulikana vinafanya nini. Ukiingia kwa kitufe, betri hiyohiyo ilikufikisha karibu na mwisho wa filamu. Kwa mwalimu wa fizikia anayeishi Same, ambako upepo wa tambarare ukishaanza jioni taa nazo zinaanza kukonyeza, hiyo ilikuwa hoja tosha. Wageni wakija alikuwa akiizima kompyuta makusudi ili awaonyeshe inavyowaka.

Ndipo wifi yangu akaolewa, Dar es Salaam, mwaka 2011. Bibi yao mzaa baba hakwenda. Yuko Mbaga, juu kwenye milima ya Pare ya Kusini, na magoti yake yalikuwa yameshagoma safari za basi. Alichotuma ni ujumbe mmoja: harusi imfuate yeye. Desemba, watu wote wakipanda kusalimia, tumpelekee aione, mwanzo hadi mwisho, na asiambiwe habari za "baadaye". Nyumba yake haikuwa na umeme. Mume wangu alifurahi namna ambayo sijawahi kumwona akifurahi kwa jambo la ndugu zake. Kitufe kilikuwa kimepata kazi.

Harusi ilitufikia kwenye flashi, faili moja kubwa la AVI. Akachomeka, akabonyeza, kioo cheusi kikatokea, akachagua faili. Kioo kikaandika kwa Kizungu kwamba aina hiyo ya faili hakitambui. Akarudia. Kikaandika tena.

Kwenye Windows, harusi ilicheza bila shida, kwa VLC, ile programu yenye koni ya barabarani iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi cha Ufaransa mwaka 1996. Mimi nikasema basi, tutatumia hiyo. Tukachomoa chaja kufanya jaribio. Betri ikafa bibi harusi hajashuka garini.

Ilibidi nifundishwe tatizo ni nini, usiku, nikiwa nachambua maharage ya makande. AVI, nikaambiwa, ni namna ya kufungasha tu. Kilichomo ndani ni picha zilizobanwa kwa ufundi fulani, na harusi yetu ilikuwa imebanwa kwa Xvid. Ili mashine izifungue inahitaji kodeki inayoujua ufundi huo. Nikauliza kodeki ndiyo nani. Akafikiri, akasema: ni kama Lufufu. Hapo nikaelewa. Wale waliowahi kukaa kwenye kibanda umiza wanajua: filamu ya Kichina inaendelea, hujui neno, lakini Lufufu yumo humo anakutafsiria kila ngumi, nawe unacheka na wenzako. Kitufe chetu kilikuwa na Lufufu wa MPEG-2, ufundi wa DVD, pamoja na yule wa VCD za zamani. Wa Xvid hakuajiriwa.

Na kutoajiriwa kwake hakukuwa kwa bahati mbaya. Ufundi huu ulikuwa na wenye hataza, na wenye hataza walitaka chao. Kwa MPEG-2 peke yake, katika miaka hiyo, mtengenezaji alilipa kiasi cha dola mbili na nusu kwa kila mashine. Kwa hiyo kiwanda kiliweka kilichohitajika kucheza DVD kikaishia hapo. Nilidhani maelezo hayo yangemtuliza mtoaji wake. Yalimpandisha mori. "Kumbe nafasi ipo," alisema, "ni kwamba walibania."

Alianza kwa kupakua furushi la kodeki na kuliweka kwenye Windows. Kitufe hakikubadilika hata kidogo, na sasa najua ni kwa nini: kile kichezeshi hakikai ndani ya Windows. Kina mfumo wake mdogo na patisheni yake yenyewe, iliyofichwa kwenye hadi diski ili mtu wa nyumbani asiifikie. Mtu wa nyumbani akaifikia. Akaifichua, akaona mafaili yaliyomo, akataka kuongeza yake, akakuta nafasi haitoshi. Akamega kipande kutoka upande wa Windows, akakihamishia huko. Haya yote yalifanyika Jumamosi, mchana, kimya, watoto wamekatazwa kupita na mpira. Nilipouliza mara moja tu kama yale mahesabu yangu yako salama, nilijibiwa, "Mama, nipe dakika tano."

Mahesabu yenyewe yalikuwa ya VICOBA. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Hisa, mikopo, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii, yote yalikuwa kwenye ile laptopu, na mwezi huohuo tulikuwa tunavunja kikundi na kugawana. Msomaji asiyetoka kwetu anaweza asione uzito wake. Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi nasema watani wetu wanatupunguzia. Babu zetu walipiga kambi hapahapa Same mwaka 1945, maelfu kwa maelfu, kwa sababu ya kodi ya mbiru ambayo hawakuridhishwa na jinsi ilivyokadiriwa. Sasa mwambie mjukuu wa watu hao kwamba rekodi ya hisa zake imepotea kwa sababu mume wa katibu alikuwa anaifundisha kompyuta kutazama harusi.

Dakika tano zikaisha. Akabonyeza kitufe.

Kioo kikawa cheusi, ambayo ni kawaida yake. Kikaendelea kuwa cheusi. Akabonyeza kikubwa. Yakatokea maandishi meupe, mstari mmoja, kwamba hakuna mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mume wangu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Mstari ulikuwa bado upo. Nikaweka chini ungo.

Kilichotokea nilikuja kuelezwa baadaye, na si na yeye. Mwanzoni kabisa mwa hadi diski pana sehemu ya baiti 512, na ndani yake baiti 64 tu ndizo zinazoshika orodha ya patisheni: ipi inaanzia wapi na inaishia wapi. Kitufe kilikuwa na kumbukumbu yake ya siri ya jinsi kiwanda kilivyoipanga diski ile. Kilipobonyezwa, kikaandika mpango wa kiwandani juu ya mpango mpya wa mwalimu. Mafaili yote yalikuwepo palepale, harusi, VICOBA, mitihani ya fizikia. Ila orodha ilikuwa inaelekeza pengine.

Siku hiyo nyumbani hatukuzungumza sana. Jumatatu asubuhi tukaenda stendi, kwa kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kuweka nyimbo kwenye flashi. Alikuwa anakula chapati. Alipotuona alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumbe uko hapa siku hizi."

"Nipo, mwalimu. Fizikia ilinikataa."

Aliifundisha yeye. Mimi nikatazama mabango ya vocha.

Kijana hakucheka, wala hakuuliza nani amefanya nini, heshima ambayo sikuitegemea. Aliiwasha laptopu kwa flashi yake yenye Linux, akafungua programu inayoitwa TestDisk. Ni ya bure, imetengenezwa na Mfaransa mmoja, Christophe Grenier, na sura haina: mistari ya maandishi tu juu ya kioo cheusi. Kazi yake ni kupita diski yote kuanzia mwanzo, ikitafuta dalili za mahali patisheni zilipoanzia, haijali orodha inadai nini. Namba zilihesabu polepole. Chapati ikamalizika, nyingine ikaagizwa, wateja wakaja wakawekewa Bongo Fleva wakaondoka. Mara mstari wa kwanza ukatokea, halafu wa pili, mrefu, wenye jina tulilokuwa tumeipa diski yetu wenyewe. Kijana akabonyeza herufi P, na mafaili yakajipanga. Niliona kwa macho yangu VICOBA, herufi kubwa zote tano na A.

"Hayo ni yako, mama?"

Nikashindwa kumjibu. Akaandika orodha upya, akarudisha ile patisheni iliyofichwa ukubwa wake wa zamani, akaifuta mizigo ya mwalimu. Kisha akauliza lile swali ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kuulizwa.

"Mwalimu, kwa nini usiibadilishe hiyo harusi? Ibane kwa MPEG-2, ichome kwenye DVD. Kitufe DVD kinaijua tangu kinazaliwa."

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu. Hakuliona.

Hapo ningependa kusema mambo yalikwisha, lakini ndiyo kwanza ukoo ukaingia. DVD ya kawaida ni gigabaiti 4.7. Harusi yetu ilizidi saa tatu. Kijana alieleza kwamba ukitaka kuishindilia yote kwenye diski moja, picha inabidi ibanwe mno, na mahali pa kwanza kuharibika ni kwenye kucheza, maana kila kitu kinapotikisika ndipo picha inapodai nafasi zaidi. Sura zitakuwa vigae vigae. Mtu aliyesimama wima anahutubia, huyo anabanika vizuri tu.

Yaani hotuba ya Mjomba ingetoka safi, na wanaocheza wasitambulike.

Mjomba alihutubia dakika arobaini. Sitii chumvi, saa ya video inaonyesha. Nilipendekeza akatwe. Mume wangu akampigia baba yake, baba yake akampigia shangazi, shangazi akauliza kwa nini asikatwe mshereheshaji. Mwingine akasema keki. Upande wa mama mkwe wakasikia kwamba anayekatwa ni kaka yao, na kufikia jioni palikuwa na pendekezo la kikao. Simu zilizopigwa wiki ile zingenunua diski za kutosha ukoo mzima. Mwisho wake ndio huo: diski mbili, hakuna anayekatwa, kanisani na kucheza diski ya kwanza, hotuba na zawadi ya pili.

Kubadilisha kulichukua usiku kucha, na alfajiri, ikiwa imebaki kidogo, LUKU ikaisha. Nilikimbia dukani na khanga mbili. Betri ilishikilia mpaka nikarudi, na hilo naliandika kwa ajili yake.

Tulipanda Mbaga na gari ya asubuhi, kupitia Mwembe. Ukishaiacha tambarare kavu ya Same, hewa inabadilika kona kwa kona, migomba inaanza, na mwishoni unatafuta sweta mkobani. Laptopu niliipakata mwenyewe.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa kitenge cha sare ya harusi aliyokuwa ametumiwa. "Mke mwenzangu," aliniita, kama anavyoniita tangu niolewe, "umemleta mume wetu na sinema yake?" Sebule ilijaa hadi mlangoni. Mume wangu akaiweka laptopu juu ya stuli, akaziba mwanga wa dirishani kwa shuka, akasubiri watu watulie. Akabonyeza kile kidogo. Kioo cheusi, menyu, DVD. Bibi harusi akashuka garini.

Bibi hakulia, kinyume na matarajio ya wote. Alikagua. Aliuliza kwa nini wali umepakuliwa kidogo vile, yule mwenye suti ya bluu ni mtoto wa nani, na mbona mchungaji amekonda. Kwenye kucheza aliagiza turudishe, tukarudisha, akaagiza tena. Mume wangu alianza kuitazama alama ya betri kwa jicho la pembeni. Diski ya pili iliingia alama ikiwa nyekundu.

Mjomba alitokea kwenye kioo na karatasi mkononi. Mjomba mwenyewe, aliyekuwa amekaa mbele na kikombe cha chai, akaomba watoto wanyamaze. Akasikika akisalimia meza kuu, akasikika akitaja wazee mmojammoja kwa heshima zao, akaanza sehemu ya kwanza ya nasaha, ihusuyo subira. Hapo kioo kikazimika.

Watu walikaa kimya kwanza. Kisha nikasikia mabega yakishuka, chai ikinyweka, mtu mlangoni akijinyoosha. Mume wangu alitazama sakafu.

Mjomba akaweka kikombe chini, akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Nilikuwa nimefika kwenye subira," alisema, na akaendelea.

Bibi akaniinamia. "Mke mwenzangu," akanong'ona, "na huyu anazimiwa wapi?"