Namna ya Kupiga Picha ya Studio Njombe Bila Kuonekana Uko Njombe

Vua sweta kwanza. Najua ni Julai na unatetemeka, lakini baridi haitoki kwenye picha, sweta linatoka. Chukua suti iliyotundikwa ukutani. Imeshapigwa picha na nusu ya Kibena, inaijua kazi. Mgongoni itabanwa kwa pini; kwa hiyo usigeuke.

Sasa chagua pazia. Ipo bahari, ipo ndege, yapo maporomoko ya maji. Maporomoko ya Luhuji, yale ya kweli, huonekana ukiwa barabara kuu palepale mjini. Yapuuze: yatalowesha suti ya watu. Mkazi wa Makambako naye, ambaye reli ya TAZARA inakatiza mjini kwake, achague treni iliyochorwa. Haichelewi.

Linabaki suala la kina, picha isionekane bapa. Wazungu walilihangaikia mno. Mwaka 1838, kabla hata Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, hajautangazia ulimwengu picha zake, mwanasayansi Charles Wheatstone alionyesha kwa michoro na vioo kwamba macho yetu, yaliyoachana kama sentimita sita na nusu, kila moja huona lake, kisha ubongo huunganisha. Wapiga picha wakaanza kupiga kila kitu mara mbili, utazame kwa kitazamio cha lenzi mbili, mtu akuinukie kama yupo. Msafiri James Grant alipiga picha za jozi za namna hiyo Unguja mwaka 1860. Taabu yote hiyo! Fundi wetu anakukalisha kwenye stuli, anaweka maua ya plastiki mbele, pazia nyuma, basi: tabaka tatu. Kivuli chako kikiangukia juu ya Bahari ya Hindi, hesabu la nne, hulipii.

Usicheke. Enzi za Daguerre mteja alishikiliwa kisogo kwa chuma asitikisike, maana picha ilichukua muda. Siku hizi ni kufumba na kufumbua, lakini ukionyesha meno bibi atauliza nani kakuharibu huko mjini. Shika mkonga wa simu ya mezani, ile isiyo na waya wa kwenda popote, utazame mbali kama unayesubiri waziri apokee.

Shangazi akiuliza ni ufukwe gani, sema Bagamoyo. Kunduchi usiitaje, mtoto wake anafanya kazi huko.