Sifa za Mwalimu Mlafi

Tai ana bendera zake, na mwewe hakosi wa kumsifu. Njiwa wa misitu wa Uingereza hana hata wakili. Wakulima wa kule humwita mwizi, na ushahidi upo: ni ndege wa nusu kilo mwenye doa jeupe shingoni, wako mamilioni, na kundi lake likitua kwenye shamba la kanola wakati wa baridi huacha vishina vitupu. Baridi ikiisha huhamia kwenye mbegu zilizopandwa juzi, kisha kwenye njegere, kisha kwenye ngano iliyolazwa na mvua. Hata hivyo haki itendeke. Ni nani mwingine awezaye kumfunza mtu kutumia bunduki ya marisau mwaka mzima, jua na mvua, bila kudai mshahara? Karo analipa mkulima.

Somo la kwanza ni hesabu. Njiwa anayekatiza mbele yako, umbali wa mita 30, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa husogea takriban mita 1.7 katika ile sehemu ya kumi ya sekunde ambayo marisau yako njiani. Anayemlenga kichwani anaipiga hewa nyuma ya mkia. Wahenga waliosema kulenga si kufuma huenda walikuwa na mishale mawazoni, lakini njiwa huyu amejitwika kazi ya kuwathibitisha hata mbele ya bunduki ya mitutu miwili.

Somo la pili ni la mwili. Mtazame mpigaji mmoja ndani ya maficho yake ya wavu na matawi. Njiwa anatokea kushoto. Mtutu unamfuata vizuri, unampita mdomo. Hapo mpigaji anaingiwa na shaka, anatupia jicho ncha ya mtutu kuhakikisha nafasi mbele ya ndege inatosha. Mikono inasimama. Bunduki inalia, njiwa anaendelea na safari. Risasi ya pili inapigwa kwa hasira, shavu likiwa limeshabanduka kwenye kitako, nayo inapita juu. Makosa mawili yamefichuliwa kwa kufumba na kufumbua, na mwalimu hajapandisha sauti.

Anafichua hata yale ambayo mwanafunzi hayajui. Mtu anayeweka bunduki bega la kulia ilhali jicho lake lenye nguvu ni la kushoto atakosa upande wa kushoto kila siku, mpaka atakapojifunza kufumba jicho hilo au kuhamisha bega.

Katika karne iliyopita walikuwapo wakufunzi wa kibinadamu pia. Robert Churchill, mtengenezaji bunduki wa London, alisisitiza kwamba macho yabaki kwa ndege na mikono ifuate, bila kupimapima. Percy Stanbury, wa shule ya kupiga bunduki ya West London, alifundisha mtutu uanzie nyuma ya ndege, umpite, ufyatuliwe ukiwa bado mwendoni. Wafuasi wa pande hizi mbili wanabishana hadi leo. Njiwa hana madhehebu: mtutu ukisimama, wote wanafeli.

Mwalimu bora pia hufunga milango ya visingizio. Wapo wanaolaumu risasi, ingawa ile yenye gramu 30 za marisau ya namba 6 ina chembe zaidi ya 280. Wapo wanaolaumu mdomo wa mtutu, kama umebanwa mno au umeachiwa mno. Dawa yao ni karatasi kubwa iliyowambwa mita 30 mbele. Wakishaipiga na kuhesabu matundu, kwa kawaida hugundua kwamba bunduki haina kosa lolote, na hapo anabaki mshtakiwa mmoja tu.

Tena njiwa ni mkarimu. Ndege hutua akielekea upepo, kwa hiyo mpigaji mwenye akili hupanga vinyago vya plastiki kwa umbo la kiatu cha farasi na kuacha uwazi wa kutulia, mita 20 hivi kutoka kwenye maficho. Njiwa mwenyewe huja kupunguza mwendo na umbali kwa pamoja. Archie Coats wa Hampshire, aliyefanya upigaji njiwa kuwa kazi ya kumpa riziki, alisisitiza kuchunguza mashamba kwanza kabla ya kubeba bunduki.

Heshima ya njiwa iliwahi kufika serikalini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilichangia bei ya risasi ili njiwa wapunguzwe. Ndipo mtafiti R. K. Murton, aliyeandika kitabu kizima juu ya ndege huyu mwaka 1965, alipoonyesha kwamba idadi yao iliamuliwa zaidi na chakula cha majira ya baridi: waliopigwa waliwaachia wenzao majani ya kula. Ruzuku ikafutwa. Njiwa hawakufutwa.

Kilichobaki ni sheria kumtambua kuwa mwalimu. Nchini England njiwa hupigwa chini ya leseni ya jumla, na leseni hiyo inataja kuzuia hasara kubwa ya mazao. Mazoezi ya shabaha haiyataji popote. Basi mwanafunzi aliyehitimu, aliyekwisha kuacha kutazama ncha ya mtutu na kubandua shavu, akiulizwa alikuwa wapi tangu alfajiri, jibu lake halali ni moja: alikuwa analinda njegere.