Tumbili na Miti ya Babu Yake

Juu ya soko la Laare, katika vilima vya Nyambene, wanyama walilima miraa kama majirani zao Waigembe. Tumbili alirithi kwa babu yake miti mitatu ya mbaine, ile mikongwe ambayo wanunuzi huiulizia. Vikonyo vyekundu vilipochipua, alivichuma alfajiri, mkewe akavifunga mabunda kwa majani ya mgomba, na gari likakimbia navyo Nairobi. Karo ililipwa, chakula kilipatikana, na akiba kidogo ikaingia kwenye chama.

Siku moja Mbweha akafungua duka sokoni, limejaa televisheni pana, makochi na pikipiki. Mteja alipoingia, Mbweha hakumuuliza ana pesa ngapi. Alimuuliza ana miti mingapi.

"Chukua leo, ulipe mdogo mdogo," alisema. "Ukikwama, nakukopesha kwa simu. Ada ni shilingi saba na nusu tu kwa kila mia, siku thelathini."

Nungunungu ndiye aliyetangulia kubeba televisheni. Usiku huo Tumbili hakulala.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "yetu bado inaonyesha vizuri."

"Inaonyesha, lakini ni nani anayeiona?"

Akachukua televisheni kubwa kuliko ya Nungunungu. Ilipofika ukutani, viti vya mbao vikaonekana vya aibu, akachukua makochi. Wageni wakaanza kuja kuyatazama, naye akaona haya kuwasindikiza kwa miguu, akachukua pikipiki. Pesa za chama zikahamia kwa Mbweha, kisha simu ikaanza kukopa ili kulipa duka.

Mzee Kobe, mwenye mti mmoja, akamwendea. "Mwanangu, nimeihesabu hiyo ada. Ukikopa 10,000, siku thelathini zikiisha unadaiwa 10,750. Ukishindwa kulipa ila ada, ukakopa upya kila mwezi, mwaka ukiisha umetoa 9,000, na zile 10,000 bado ziko shingoni mwako."

"Mzee, miraa haikosi soko. Ndege zinaenda Mogadishu kila siku."

"Ndivyo tulivyosema juu ya London, hadi Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014."

Tumbili akacheka, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Machi 2020, janga la korona lilipoingia, ndege za Mogadishu zikasimama. Bunda likakosa mnunuzi, lakini tarehe za Mbweha hazikusimama. Akatuma ujumbe kabla ya jogoo kuwika. Akawapigia simu rafiki za Tumbili, akawapigia waumini wenzake, mwisho akampigia mama mkwe. Kwa aibu hiyo Tumbili akaenda mwenyewe dukani, akamkodishia Mbweha ile miti mitatu kwa miaka mitano. Pikipiki ilirudishwa dukani, na makochi yakauzwa kwa bei ya kutupa.

Kobe naye aliumia. Alikula mahindi na maharagwe ya shambani, akapunguza sukari, akasubiri. Hakuna aliyempigia simu alfajiri.

Julai 2022 ndege zikaruka tena, bei ikapanda, na Kobe akapanda mti wake. Tumbili naye alikuwa juu ya mbaine wa babu yake, akichuma kama kibarua wa siku. Mwanawe akamuuliza kutoka chini, "Baba, huu si mti wetu?"

"Shina ni letu, mwanangu. Vikonyo ni vya Mbweha."

Wazee wa kijiji walikutana, wakakubaliana jambo moja: mtu asiweke mti rehani kwa ajili ya kitu kisichozaa, wala asikope kabla mume na mke hawajaketi wakahesabu pamoja.

Ndugu yangu wa Laare, ada ya Mbweha sikuitunga. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kanuni za mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na ziliwakataza kuwaaibisha wadaiwa kwa jamaa zao. Hiyo ni kinga njema, lakini hakuna kanuni itakayokuzuia kushindana na ukuta wa jirani. Mkopo wa karo au wa matibabu una sababu yake. Wa kuonekana hauna. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, jiulize: ndege isiporuka kesho, nitalipa kwa kitu gani? Ukikosa jibu, kiache kitu hicho dukani, urudi nyumbani na mti wako.