Namna ya Kutotolesha Moshi: Mwongozo wa Chipu za Rilei kwa Asiye na Hadhari

Umeamua kuunda mashine ya kutotoleshea vifaranga. Hongera. Boksi la mbao lipo, taa za kutia joto zipo, feni ipo, mota ya kugeuza mayai ipo, na juu ya meza umelaza bodi ya ESP32 itakayoshika joto kwenye nyuzi 37.5 kwa siku 21 na kukuletea taarifa kwenye simu hata ukiwa msibani. Kumebaki jambo dogo tu. Bodi inatoa volti 3.3, na taa zinataka 230. Katikati zinakaa rilei nne, na baina ya rilei na bodi hukaa chipu ya kuziendesha. Chipu hiyo ndiyo mwongozo huu utakusaidia kuichagua vibaya, kwa gharama nafuu na kwa uhakika.

Wenye pupa huanza kwa kutoweka chipu yoyote. Wanachukua waya kutoka mguu wa ESP32 moja kwa moja hadi kwenye koili ya rilei. Siipendekezi njia hii, kwa sababu haina utamu. Ile rilei ya bluu iliyojaa kila duka, SRD-05VDC-SL-C ya Songle, ina koili ya omu 70, na ukiipa volti 5 inavuta miliampia 71. Mguu wa ESP32 mwisho wake wa kufa na kupona ni 40. Wa Raspberry Pi Pico, hata ukiuamuru ujikaze wote, umepangiwa 12. Tena rilei ya volti 5 kwa kawaida haikuahidi kuvuta kabla ya kupata 3.75, na wewe una 3.3. Utaua mguu bila hata kusikia rilei ikisema "tak". Hasara bila burudani.

Nenda basi dukani, Kariakoo au Luthuli Avenue, uombe chipu ya rilei. Utapewa ULN2003. Kwa bahati mbaya hiyo ni chipu nzuri, kwa hiyo itabidi ufanye juhudi.

Juhudi ya kwanza ni kutoitazama tarakimu ya mwisho. Kama 2003 imekwisha na muuzaji anakupa 2004, atakuambia, "Ileile tu, kaka, hiyo ndiyo toleo jipya." Mwamini. Si 4 inakuja baada ya 3? Kwa nje zinafanana kabisa: miguu kumi na sita, njia saba, volti 50, nusu ampia kwa kila njia. Tofauti iko mlangoni, pale ishara ya bodi inapoingilia. ULN2003A ina rezista ya omu 2,700 kwenye kila mlango, kwa ajili ya saketi za volti 5. ULN2004A ina omu 10,500, kwa sababu ilitengenezwa kwa wenye ishara za volti 6 hadi 15. ULN2002A nayo ina zena ya volti 7 mlangoni, na 3.3 yako haitavuka hapo milele. Kwa kazi yetu 2002 haifai, maana ni mkweli mno: inagoma siku hiyohiyo, mezani, mbele ya macho yako, nawe unairudisha dukani. Bora 2004. Hiyo inaweza kukubali ukiijaribu na rilei moja saa mbili usiku, ukafunga boksi, ukapanga mayai, kisha ikaanza kusitasita wiki ya pili.

Ukishapata 2003 halisi, utakutana na wajuaji watakaokuambia kwamba nayo haifai kwa volti 3.3 kwa kuwa ni ya volti 5. Hawa ni washirika wetu, ingawa wamekosea. Datashiti ya ULN2003A inasema volti 2.4 mlangoni zinatosha kubeba miliampia 200, na volti 3 zinatosha kubeba 300. Wewe unataka 71. Mlango hauna kesi. Waache lakini waendelee kuulalamikia mlango, ili pasiwe na mtu wa kutazama upande wa pili, ambako ndiko mambo yanakoharibikia.

Ndani ya kila njia ya ULN kuna transista mbili zilizoshikana mkono, mpango uliopewa hataza mwaka 1953 kwa jina la Sidney Darlington wa Bell Laboratories. Ya kwanza inaisukuma ya pili, na kwa hiyo mkondo kiduchu mlangoni unaamsha mkondo mkubwa kwenye mzigo. Malipo yake ni kwamba jozi hii haiwezi kushuka mpaka chini kabisa. Inapowaka inabaki na karibu volti 0.9 yake mwenyewe, na hizo hazimfikii mwenye koili. Kwenye volti 12 huwezi hata kuona pengo. Kwenye volti 5, fuatana nami.

Umeiwasha bodi kwa adapta ya simu kupitia waya wa USB. Bodi nyingi zina dayodi njiani, na waya wenyewe wa bei ya jioni unakata chake, kwa hiyo kwenye mguu ulioandikwa 5V unapata tuseme 4.7. Toa 0.9 ya Darlington. Koili inapokea 3.8. Rilei iliahidi kuvuta kwa 3.75. Umepita! Umepita kwa volti 0.05, na sasa ingiza saketi hiyo ndani ya boksi la mayai, kwa sababu humo ndimo palipokuwa na nafasi. Ahadi ya 3.75 ilitolewa kwenye nyuzi 20 hivi. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kila nyuzi moja, na rilei haijali volti, inajali mkondo. Kwenye nyuzi 37.5 koili ileile inadai volti 4.0 ili ivute. Wewe bado una 3.8. Hapo ndipo utakapopata mashine niipendayo kuliko zote: inawasha taa vizuri boksi likiwa baridi, na inakataa kuziwasha likiwa na joto la mayai. Utatafuta kosa kwenye programu kwa wiki nzima, na programu haina kosa.

Hapa ndipo mtu mwerevu anapogundua chipu za kisasa. Badala ya Darlington ndani kuna mosfeti, miguu imepangwa vilevile, na zinapowaka hazibaki na volti 0.9 bali sehemu ndogo tu ya volti. Toshiba wanayo TBD62003A, inayotaka volti 2.5 tu mlangoni, na kwa rilei ya volti 5 sina la kuifanyia hila. Ukiipata, mpe jirani. Texas Instruments wanayo TPL7407L, na hii inatufaa sana. Ukurasa wa kwanza wa datashiti unajisifu kwamba inakubali ishara za volti 1.8 hadi 5. Soma huo ukurasa, kisha funga. Usifike mahali panapoelezwa kwamba chipu hii hujilisha kupitia mguu wake wa COM, na kwamba mguu huo unataka angalau volti 8.5 ili mosfeti zifunguke sawasawa. Umenunua chipu ya kukuokoa na rilei za volti 5, nayo inataka rilei za volti 12.

Mguu huo wa COM unastahili aya yake, maana umewaua wengi kuliko Darlington. Kwenye ULN2003A ni mguu wa 9, na ndani yake zinakutana dayodi zinazopokea ule mshindo wa volti koili inapozimwa. Unapaswa kwenda kwenye chanya ya rilei. Basi, kama rilei ni za volti 12, wewe uunganishe kwenye 3.3 ya bodi, kwa hoja kwamba chipu inaendeshwa na bodi. Angalia kitakachofuata. Njia ikizimwa, volti 12 zinapita kwenye koili, zinapita kwenye dayodi, zinaingia kwenye 3.3 yako. Koili ya omu 400 inabaki na volti nane hivi juu yake wakati wewe unaamini imezimwa. Nane huenda zisitoshe kuivuta rilei iliyolala, lakini rilei ya volti 12 ikishavuta inaweza kung'ang'ania mpaka volti zishuke karibu na 1.2. Taa itawaka mara moja na isizimike tena. Na zile miliampia 20 kutoka kila koili zinaisukuma 3.3 ya ESP32 juu, taratibu, kuelekea mahali isikotakiwa kwenda. Ukiuacha COM ukining'inia tu bila kitu ni vibaya pia, ila matokeo yake huchelewa. Aliyekariri kwamba "mguu wa 9 ni wa chanya" naye aende akanunue ULN2803A, yenye njia nane na miguu kumi na minane. Humo mguu wa 9 ni wa hasi.

Kama unapenda makosa ya kisomi zaidi, tumia TPIC6B595. Ni chipu moja inayopokea data kwa nyaya chache na kuendesha rilei nane, miliampia 150 kwa kila njia, tena bila ile 0.9. Kwenye karatasi ni jibu la kila kitu. Inalishwa volti 5, na ili ikubali kwamba umeipa "ndiyo" inadai asilimia 85 ya hizo, yaani 4.25. ESP32 inasema 3.3 na hapo ndipo sauti yake inapoishia. Kinachonifurahisha ni kwamba chipu nyingi zitasikia hata hivyo, mezani, kwa waya mfupi. Ukiongeza urefu wa waya na mota ya kugeuza mayai ikianza kunguruma pembeni, rilei zitaanza kuchagua zenyewe nani awake. Anayetaka kuharibu starehe hii huweka 74AHCT125 katikati, inayoelewa volti 3.3 na kujibu kwa 5, au anarudi kwenye 74HC595 ya kawaida iliyolishwa 3.3 na kuifuatishia ULN2803A.

Mosfeti za mojamoja nazo tuzitaje. Kuna kibodi chekundu cha IRF520 kinachouzwa kila mahali kama rafiki wa maikrokontrola. Kizingiti cha geti lake ni kati ya volti 2 na 4, na kizingiti maana yake ni mahali linapoanza kuvuja, si mahali linapofunguka. Vipimo vyake vizuri vimechukuliwa kwenye volti 10. Ukitafuta ya kukuudhi kidogo zaidi kuna 2N7000. Usiguse AO3400, ambayo vipimo vyake vimeandikwa mpaka kwenye volti 2.5.

Moduli za rilei zilizokwisha kuundwa, zenye optokapla, ni za mvivu. Zilishe 5 kwenye VCC, ziamuru kwa 3.3, na fahamu kwamba nyingi zinawaka mguu ukishuka na kuzimika ukipanda. Acha ile jampa ya JD-VCC mahali pake, unganisha hasi zote pamoja, kisha uwaeleze wageni kwamba saketi yako imetenganishwa kwa mwanga.

Tufike kwenye kuwaka kwa bodi, maana umeme utakatika. Utakaporudi, ESP32 haikumbuki chochote, na kwa muda mfupi kabla programu yako haijashika usukani kila mguu una tabia zake. Taa za joto zipe GPIO 1, ambao kazi yake ni kutoa maandishi ya kuamka; rilei itayasoma yote kwa sauti. Feni ipe GPIO 12. Mguu huo ukiwa juu wakati wa kuamka, bodi inadhani kumbukumbu yake ni ya volti 1.8, na haiamki. Ukitaka rilei isiwake milele ipe 34 hadi 39, hiyo ni miguu ya kusikiliza tu. Kama umetumia mosfeti za mojamoja, usiweke rezista ya omu 10,000 kutoka geti hadi hasi, ili geti lielee na kuamua lenyewe. ULN ikiwa na mlango usioshikwa na mtu inabaki imezimwa. Ndiyo maana inachosha.

Kisha fanya hesabu ya umeme kwa jumla, au usifanye. Rilei nne za volti 5 zikivuta pamoja ni miliampia 286. ESP32 ikirusha Wi-Fi inaweza kudokoa 240. Mlango wa USB 2.0 wa kompyuta uliahidi 500. Rilei ya nne ikiingia volti inaanguka, bodi inajizima na kuwaka upya, rilei zinaachia, volti inarudi, programu inaona mayai yamepoa na kuziita rilei zote tena. Mashine inaweza kuendelea hivyo usiku kucha.

Ambaye mwongozo huu haumvutii, na wapo, atachagua rilei kwanza na chipu baadaye. Atanunua adapta ya volti 12 na rilei za volti 12, zinazokula miliampia 30 tu kila moja, na ULN2003A ya kawaida kabisa, iliyoandikwa 3 mwishoni. COM ataupeleka kwenye 12, hasi zote atazikutanisha, na kipunguza volti kidogo kitampa ESP32 tano zake. Koili itapata volti 11.1 mahali inapodai 9, au 9.6 ikiwa na joto la boksi. Taa atazipa GPIO 25 au 26, isiyo na maneno wakati wa kuamka. Saketi yote ataiweka nje ya boksi. Atafanikiwa, kisha atanunua trei ya mayai ya dukani, ya kuku wa mayai wasiowahi kumwona jogoo, na kuyasubiri siku 21.